Anajipiga masikio kila anapopelekwa kuoga

SWALI: Dada Mshauri, pokea salamu kutoka Leicester. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nimeajiriwa hapa Uingereza katika nyumba ya kuhudumia watu wenye ulemavu. Tunaye kijana wa miaka 24 mwenye usonji, ambaye hasemi. Kwa wiki tatu sasa, kila jioni anapopelekwa kuoga hujipiga masikio kwa viganja na kumsukuma aliye karibu naye. Wenzangu wanasema ni ukorofi, na msimamizi anataka daktari ampe dawa za kumtuliza. Mimi ni mgeni kazini. Je, nina haki ya kusema lolote?
Mhudumu wa zamu ya jioni

JIBU: Mdogo wangu, kilichonishtua katika barua yako ni hizo wiki tatu. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni, kwa hiyo hauwezi kuwa ndio uliomfanya kijana aliyekuwa akioga kwa utulivu abadilike mwezi huu. Kuna kitu kimebadilika, ama mwilini mwake ama humo bafuni, naye anawaambia kwa njia aliyo nayo.

Anzeni na mwili. Sikio linalouma, jino lililooza na kukosa choo kwa siku kadhaa ni mambo yanayosahaulika sana, hasa kwa kuwa baadhi ya watu wenye usonji hawaonyeshi maumivu kwa namna tuliyoizoea. Ombeni miadi kwa daktari, na mwombe awe wa kwanza kuonwa, au asubiri ndani ya gari badala ya kukaa kwenye chumba chenye kelele. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho ya aina hiyo. Nendeni na karatasi inayoeleza anavyokubali, anavyokataa na kinachomtisha, na mama yake aulizwe kabla haijaandikwa.

Kisha ingia bafuni peke yako, ufunge mlango, uwashe taa, usimame dakika tano bila kusema neno. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo feni ya kufyonza hewa ilikuwa imeunganishwa na swichi ya taa. Sisi tulikuwa tukipiga soga juu ya mvumo wake bila kuusikia, ilhali mama mmoja aliyekuwa akihudumiwa pale alikuwa akiziba masikio na kulia kila tulipowasha taa. Fundi alitenganisha swichi, na mama yule akarudi kuoga kama zamani. Nusa pia sabuni, na uulize kama imebadilishwa.

Kuhusu dawa, sema, tena mapema. Dawa za maradhi ya akili haziponyi usonji, na mwaka 2016 huduma ya afya ya taifa ya England ilianzisha kampeni ya kupunguza kupewa watu hawa dawa hizo pasipo sababu. Mwaka huohuo Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji, alilazwa hospitalini Bristol kwa sababu ya kifafa, akapewa dawa ya aina hiyo ingawa yeye na wazazi wake walikuwa wamekwisha kueleza kwamba zinamdhuru, akafariki. Baada ya mama yake kuhangaika kwa miaka, Sheria ya Afya na Matunzo ya mwaka 2022 iliwabana waajiri waliosajiliwa kutoa huduma hizi wawape wafanyakazi wao mafunzo kuhusu usonji na ulemavu wa kujifunza. Kama hujayapata, yadai. Ugeni wako si kizuizi.

Usiende kwa msimamizi na maneno matupu. Kwa siku saba andika saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia na ilichukua muda gani kutulia, kisha omba maandishi hayo yafike kwa daktari. Nawe punguza maneno: sentensi moja fupi, au picha ya bafu, kisha subiri. Wala usimlazimishe akutazame usoni. (Sisi tuliofunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, sijui kwa nini tukifika kazini tunadai wengine watutazame usoni.)

Mkigundua mnachokishuku, badilisheni kimoja kwanza. Mkizima feni, mkabadilisha sabuni na kusogeza saa ya kuoga siku hiyohiyo, hamtajua kipi kilichokuwa kikimuumiza.