Bakapu ya mbali: itamaliza lini, na siri yangu itakaa wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Naishi Likoni. Kwenye laptopu nina gigabaiti 120: picha za watoto, hati za shamba nilizoskani, na saa tisa za sauti ya marehemu nyanya akisoma tenzi. Nakala nyingine iko kwenye diski ya nje, droo moja na laptopu. Mpwa wangu ameniwekea Google Drive inayooanisha folda, akasema yatosha. Mimi nataka programu inayopeleka bakapu, yaani nakala ya akiba, kwenye seva ya mbali, ile kompyuta ya kampuni inayotunza data za watu. Nimepima intaneti ya nyumbani, kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde. Itamaliza lini? Na wenye seva hawataona mambo yangu?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Mpwa wako ana nia njema, lakini amechanganya vitu viwili. Kuoanisha ni kuzifanya folda mbili zifanane. Ukifuta picha kwenye laptopu, na huko inafutwa. Hukaa siku 30 kwenye pipa la taka la Google Drive, kisha basi. Virusi vya kufunga faili vikiingia, kitakachopelekwa huko ni faili zilizokwisha kufungwa. Bakapu hutunza matoleo ya nyuma. Leo ukiharibu folda kwa mkono wako mwenyewe, unairudisha ilivyokuwa Jumanne, au miezi mitatu iliyopita.

Diski ya nje usiitupe, maana laptopu ikifa ndiyo utakayoikimbilia kwanza. Ila itoe kwenye droo hiyo. Mwizi akifungua droo hachagui, huchukua vyote viwili. Na iangalie mara kwa mara: nimewahi kuletewa diski ya mteja anayekaa karibu na ufuo, vyuma vya pale waya unapochomekwa vimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, na haikuwa imeguswa kwa miaka miwili.

Sasa hesabu ya muda. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gigabaiti 120 ni megabiti 960,000. Kwa megabiti 2 kila sekunde, ni saa 133, yaani siku tano na nusu bila kupumzika. Ukipakia kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tu, ni usiku kumi na saba hivi. Usidhani pana hitilafu. Nyaya za intaneti za baharini kama TEAMS na SEACOM zinatua hapahapa Mombasa tangu 2009. Kinachobana ni kipande cha kutoka kwako hadi kwa mtoa huduma, na vifurushi vingi vya nyumbani hutoa kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Tena mzigo huo ni wa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupelekwa kilichobadilika tu. Stima ikikatika katikati usivunjike moyo: programu kama restic na Duplicati huikata data vipande vidogo, na kazi ikiendelea vipande vilivyokwisha kufika havitumwi upya. Kwako nashauri Duplicati, kwa sababu restic inataka kuandika amri.

Kuhusu siri: ukiweka nenosiri, data husimbwa, yaani hugeuzwa isisomeke bila nenosiri hilo, ndani ya laptopu yako kabla haijatoka nyumbani. Mwenye seva huona vipande visivyosomeka, hata jina la faili haoni. Lakini hapa ndipo ninapokuomba unisikilize sana. Programu hizi hazina kitufe cha "nimesahau nenosiri". Mzee mmoja alinijia laptopu yake ikiwa imekufa. Bakapu yake ilikuwa imekamilika, gigabaiti 40, salama kabisa huko iliko. Tulikaa mchana kutwa tukijaribu majina ya wajukuu, mwaka aliohiji, namba ya gari lake la zamani. Haikufunguka, na mpaka leo haijafunguka. Nenosiri lake alikuwa ameliandika kwenye faili, ndani ya laptopu ileile.

Basi chagua maneno sita yasiyohusiana, yaandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja iweke pamoja na hati za shamba, ya pili mpe mtu unayemwamini asiyeishi nyumba moja nawe. Andika na jina la programu, na anwani ya akaunti ya seva. Siku usiyokuwepo, watoto watahitaji vyote vitatu.

Usianze na gigabaiti 120 kwa mkupuo. Anza na nyanya. Kama sauti ni MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ni karibu megabaiti moja, kwa hiyo saa tisa ni megabaiti 520 hivi, kazi ya dakika 35 kwa kasi yako. Iwashe baada ya magharibi. Kabla ya isha zimefika. Halafu, usiku huohuo, azima kompyuta ya mpwa wako, weka Duplicati, chapa nenosiri kutoka kwenye karatasi, urudishe utenzi mmoja. Usikilize mpaka mwisho. Ukisikika mzima, kesho yake ongeza hati za shamba, kisha picha, mwaka mmoja mmoja.