Oedekerk hakuigiza na wale wapiganaji

Ndugu uliyeuliza kama Steve Oedekerk, mchekeshaji na mwongozaji wa filamu wa Marekani, alipigana kweli na wale Wachina katika filamu yake ya vichekesho Kung Pow: Enter the Fist, jibu ni hapana. Filamu hiyo ya mwaka 2002 imejengwa juu ya filamu ya Hong Kong ya mwaka 1976, ambayo Oedekerk alichukua picha zake, akamwondoa mhusika mkuu kwa kompyuta na kujiweka mwenyewe mahali pake, kisha akaingiza sauti za karibu wahusika wote, wanaume kwa wanawake. Hata yule ng'ombe anayerusha mateke ndani ya filamu hiyo ni kazi ya kompyuta. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 10, kiasi kidogo kwa Hollywood.

Sikubaliani hata kidogo na wanaoiita upuuzi mtupu. Sisi tuliokulia Arusha, tukitazama mikanda ya kung'fu katika mabanda ya video ya Ngarenaro huku mtafsiri akiwatungia wapiganaji maneno ambayo hawakuyatamka kamwe, tunajua kwamba kazi hiyo inadai sikio kali na uwezo wa kupima muda, kwa sababu kichekesho kikichelewa kidogo tu banda zima linanyamaza. Oedekerk anao uwezo huo, tena kwa wingi. Ukiitazama upya, chunguza midomo yake: katika maonyesho aliyoyapiga yeye mwenyewe pia haiendani na sauti, na alifanya hivyo kwa makusudi ili afanane na wenzake wa mwaka 1976.