Urudishe mstari wa gesi kwenye jedwali lako: bomba la msingi lililo wazi juu bado linaua

Ndugu yangu wa Bukavu, umeandika kwamba wiki ijayo mnaanza kuzamisha mabomba ya chuma ya msingi wa gati hapa Goma, kwamba jedwali la hatari umelitoa kwenye hati ya ujenzi wa misingi ya mitambo ya upepo baharini, na kwamba mstari wa hatari ya gesi umeufuta kwa sababu maji ya Ziwa Kivu si ya bahari na mabomba yenu yako wazi juu. Urudishe leo. Mimi niliufuta kwenye kazi yangu, na mtu akafa.

Tulizamisha bomba lenye kipenyo cha zaidi ya mita moja kupitia tope na mawe ya volkano, tukavuta maji kwa pampu, na kila asubuhi kijana mmoja alishuka kwa ngazi kujaza tope kwenye ndoo. Katika jedwali langu, kwenye mstari wa gesi, niliweka uwezekano 1 na madhara 3, nikazidisha, nikapata 3, kisanduku kikawa cha kijani, yaani hatari ndogo, ndipo nikaufuta. Winchi na kamba za kunyanyulia nilizikagua siku mbili nzima. Bomba halikupata hata nusu saa. Siku hiyo upepo ulikuwa haujaamka na ziwa lilikuwa shwari. Ndoo ya pili ilichelewa kupanda. Nilipochungulia nilimwona kijana ameketi, mgongo kwenye chuma, mkono mmoja bado umeshika kipago cha ngazi, na ndoo pembeni yake ikiwa nusu. Kabla sijasema neno mwenzake alikuwa ameshashuka kumwinua, naye akalegea njiani. Huyo tulimvuta akiwa hai kwa sababu alijifunga kamba kiunoni. Wa kwanza hakuwa na kamba.

Ilikuwa kaboni dioksidi, ile ile ambayo watu wa hapa huiita mazuku, inayoua mbuzi na mbwa kwenye vibonde vya ufukoni kati ya Goma na Sake. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hutuama ndani ya bomba kama maji ndani ya mtungi, hasa alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Ikifika asilimia 10 mtu huzimia kwa dakika chache. Mzee yeyote wa Bulengo, hapo ufukoni, angenieleza hayo bure, lakini mimi nilimsikiliza mshauri aliyelipwa vizuri, aliyetia sahihi fomu hotelini bila kuinama hata mara moja juu ya bomba, na aliyeniambia kwamba shimo lililo wazi lina hewa ya kutosha. Hasira yangu juu yake haijapoa.

Hata hiyo hati uliyoichukua haikuuweka mstari huo kwa ajili ya chumvi tu. Nguzo za mitambo ya Bahari ya Kaskazini ni mabomba matupu; ndani yake kutu hula oksijeni, na vitu vinavyooza chini hutoa salfidi ya hidrojeni, gesi ya sumu, ndiyo maana huko hakuna anayeingia kabla hewa haijapimwa.

Basi kanuni ni hii: haingii mtu mpaka kipimo kimeteremshwa hadi chini kabisa na kusomwa, na kila anayeingia amefungwa kamba iliyoshikwa na mtu aliye juu. Angalia pia ni kipima gesi gani mnachonunua. Vile vya kawaida vya gesi nne havipimi kaboni dioksidi. Usitegemee oksijeni peke yake: kaboni dioksidi ikiwa asilimia 5, ambayo tayari ni hatari, oksijeni bado husomeka karibu 19.9, na kengele iliyowekwa kwenye 19.5 hailii. Mkishapima, pulizeni hewa safi hadi chini kwa feni na mpira, mpime tena, na feni isizimwe wakati mtu yumo ndani.



Mpe kapita wako, msimamizi wa kazi, nakala ya mstari huo wa gesi mkononi kabla hajateremsha ngazi, kisha uniandikie kipimo kimesoma nini kwenye sentimita 30 za mwisho.