Makala zilifunguka chuoni, nyumbani Tanga zinadai dola
Mdogo wangu, simu yako haina kosa. Mchapishaji wa jarida la kitaaluma hutambua anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti, ya mtandao wa chuo. Ukiwa Chumbageni kwa bando lako, anakuona mgeni. Usilipe! Ingia tovuti ya maktaba ya chuo chako, tafuta huduma ya kusoma ukiwa nje ya chuo, weka akaunti yako ya mwanafunzi, kisha fungua jarida kwa kiungo cha hapo hapo. Ukianzia Google mara nyingi hutambuliki, na hapo ndipo wengi hukwama. Ikigoma, mtumie mkutubi namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala, ile inayoanza na 10. Au tafuta kichwa cha makala kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, bonyeza matoleo yote. Mara nyingi nakala ya bure imo, ila hakiki milinganyo na majedwali, huenda ni rasimu.