Boza la samadi: anza na pini, tenki litafuata

Wafugaji wengi huku kwetu, kuanzia Usa River hadi Hai, wakitafuta boza la samadi, yaani tenki la kuvutwa na trekta, huuliza kwanza linabeba lita ngapi. Swali hilo lipo, lakini liweke pembeni kidogo. Nenda nyuma ya trekta lako, chuchumaa, uangalie boza litafungwa wapi. Tairi zinabadilishika, pampu inabadilishika, mabomba nayo vilevile. Boza lisiloendana na trekta litakutesa kila siku ya kazi.

Tuanze na uzito. Lita 1,000 za samadi ya maji ni kama tani moja. Boza la lita 4,000 likijaa, ukijumlisha na chuma chake, linafika tani 5. Likiwa la ekseli moja, si uzito wote unaokaa kwenye tairi zake. Sehemu yake inalalia trekta. Chukua asilimia 15 tu, tayari ni kilo 750 zinazokandamiza pini moja inayoliunganisha boza na trekta. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mbona hapo navutia tela la majani miaka yote?", mwache na majani yake.

Kinachosumbua zaidi ni mlima. Ukipandisha barabara ya Machame au Kibosho na tenki liko nusu, samadi yote inakimbilia nyuma. Ghafla boza halikandamizi tena trekta, linalinyanyua. Tairi za nyuma zinapoteza uzito na kuanza kuteleza pale pale unapozihitaji, na pini isiyofungwa kwa chini inachomoka. Masika ndiyo usiseme. Ukikuta boza lenye vizuizi ndani vya kuzuia samadi isikimbie mbele na nyuma, lipe nafasi ya kwanza hata kama rangi yake imechakaa.

Sasa, wapi pa kufunga? Wengi wetu tumezoea ile bapa yenye matundu inayokaa kati ya mikono miwili ya chini ya haidroliki. Kwa tela jepesi shambani, sawa. Kwa boza, mimi siikubali. Mikono ile inapanda na kushuka, haidroliki ikivuja inashuka yenyewe, na minyororo ya pembeni ikilegea bapa inacheza kushoto na kulia huku tani kadhaa zikisukuma kwa nyuma. Na mkono wa juu usiuguse kabisa. Ukivuta mzigo kutoka juu ya usawa wa ekseli ya nyuma, trekta linaweza kuinuka mbele na kupinduka chali juu ya dereva.

Mahali pake ni kile chuma cha kuvutia kilicho chini, katikati. Hapo napo kuna mvutano kidogo. Ukikisukuma ndani kinabeba uzito zaidi; ukikivuta nje uwezo wake unapungua. Lakini pampu ya boza inazungushwa na PTO, ile ncha inayozunguka nyuma ya trekta, na shafti yake inataka nafasi ili isijikunje wakati wa kukata kona. Kwa PTO ya mizunguko 540 kwa dakika, kipimo kinachotumika ni kama sentimita 35 kutoka ncha ya PTO hadi katikati ya tundu la pini. Beba futi kamba. Kisha angalia kitabu cha trekta kinaruhusu kilo ngapi kushuka hapo, maana uzito wa kuvuta na uzito wa kulalia ni vitu viwili tofauti.

Maboza ya mitumba kutoka Ulaya yana mambo yake. Mengine mbele, pale pa kufungia, yana ringi ya milimita 50 iliyotengenezwa kwa ajili ya ndoano inayoshushwa kwa haidroliki, mengine yana kikombe cha kukalia tufe la chuma la milimita 80, wanaloliita K80. Ule mtindo wa tufe ni mzuri sana, haugongigongi na unabeba uzito mkubwa. Ila kama trekta lako halina tufe hilo, uzuri wake haukusaidii. Na ringi ya milimita 50 ukiivalisha pini ya milimita 30 utasikia kishindo kila unapokanyaga breki, huku vyote viwili vikilika.

Dawa ni kubadilisha ringi, ilingane na pini. Hapa ndipo utakutana na fundi wa kuchomelea. Wangu aliniambia, "Mama, hii naichomelea sasa hivi, unaondoka nayo." Nikamjibu, "Mwanangu, tafuta ya kufunga kwa bolti." Ringi hizi ni za chuma kigumu, na uchomeleaji wa haraka huacha ufa usiouona mpaka siku ya mzigo. Kwa shamba la mabonde, tafuta ringi inayozunguka, ili boza likilala upande lisilipindue trekta pamoja nalo.

Mengine ni madogo. Grisi kila siku ya kazi. Mnyororo wa usalama kutoka boza hadi kwenye mwili wa trekta, si kwenye pini ile ile. Na usikubali dereva aweke nondo au bolti ya kuokota badala ya pini. Nunua mbili za saizi sahihi pamoja na klipu zake, moja ikae kwenye kisanduku cha spana.