Wasomaji wanauliza: mbona radi za ziwani zinapiga usiku?

Vuli imeanza na meseji za radi za Ziwa Victoria zimejaa kwenye simu yangu, wengine wanauliza kwa hofu na wengine kwa mapenzi kabisa. Nimechukua tano. Kama swali lako halipo leo usinikasirikie, nafasi ni ndogo na la kwanza limenichukua maneno mengi.

SWALI: Shikamoo anko. Nasoma chuo hapa Mwanza, nimepanga Nyegezi chumba kinachoangalia ziwa. Usiku nikiona miali kule majini silali, nakaa dirishani mpaka alfajiri, mwenzangu wa chumba anasema nimerogwa. Nauliza mawili. Kwanini mchana radi zinapiga huku nchi kavu ila usiku zinahamia ziwani? Na simu ya kawaida inaweza kupata picha ya radi kweli, maana nikibonyeza imeshapita. (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujarogwa. Marekani kuna mzee anaitwa David Hoadley alianza kufuata mawingu ya radi mwaka 1956 mjini kwao Bismarck, North Dakota akiwa bado kijana, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la watu wenye mapenzi hayo hayo, kwa hiyo mwambie mwenzako mko wengi duniani. Tofauti ni kwamba wale wanaendesha gari mamia ya kilomita kutafuta radi na sisi wa Mwanza tunakaa tu barazani inatufuata.

Sasa sababu. Mchana jua likiwaka ardhi inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda na ya ziwani inakuja kujaza nafasi, ndio ule upepo wa saa nane mchana unaopeperusha kanga kwenye kamba. Hewa hiyo ina unyevu mwingi wa ziwa, ikifika bara inapandishwa na joto, basi alasiri unaona mawingu yamerundikana upande wa Magu na Kwimba na radi zinapiga huko. Usiku mambo yanageuka, ardhi inapoa lakini maji yanabaki na joto lake la nyuzi 24 mpaka 26, sasa upepo unatoka nchi kavu kuelekea majini, na kumbuka hili ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800 na limezungukwa, kwa hiyo upepo wa kwetu, wa Kenya na wa Uganda unakwenda kukutana huko katikati na ukikutana hauna pa kwenda isipokuwa juu. Hewa yenye joto na maji inapanda kilomita 15 na zaidi, na huko juu ndio wingu linatandaza kile kichwa bapa kama fuawe ya mhunzi. Ndio maana saa nane, saa tisa, saa kumi usiku ziwa linawaka kama mtu anachomelea vyuma.

Na mara nyingi mawingu hayo yanasukumwa kwenda magharibi, wenzetu wa Bukoba wanaamka na mvua. Wao wanapata kama milimita 2,000 kwa mwaka na sisi ni kama nusu yake, ziwa ni hilo hilo moja. Ile miali unayoiona bila sauti siyo radi ya aina nyingine, ni mbali tu. Ngurumo ikizidi kilomita 15 au 20 haikufikii lakini mwanga wa wingu refu vile unauona hata likiwa zaidi ya kilomita mia.

Picha, usifukuzane na kidole maana hutaweza. Mwako mmoja wa radi unachukua kama sehemu ya tano ya sekunde, na ndani yake umeme mara nyingi unapita mara tatu au nne kwenye njia ile ile, ndio maana unaona inapepesa. Fungua kamera kwenye modi ya Pro, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) weka 100, shata (muda kamera inabaki wazi) sekunde 10, fokasi peleka mwisho kwenye alama ya mlima, simu ifunge kwenye stendi au ibane katikati ya vitabu viwili pale dirishani, timer sekunde 2 ili kidole kisiitingishe, alafu piga moja baada ya nyingine bila kuchoka, katika thelathini utapata mbili. Zima taa ya chumba kwanza, la sivyo utapiga kioo cha dirisha na sura yako. Kama simu haina Pro rekodi video na baadaye isogeze fremu kwa fremu, utakuta fremu moja nusu nyeupe kama karatasi na nusu giza totoro, usidhani simu ni mbovu, kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari na radi imeingia ikiwa katikati ya kusoma. Mimi nazipenda hizo kuliko picha safi.

Ila nikuombe kitu kimoja, nunua daftari. Picha inakwambia radi ilikuwa nzuri, basi. Daftari ndilo litakufundisha hili ziwa. Nakunakilia ukurasa wangu mmoja wa mwezi wa 11 ulivyo: "Saa 8:40 usiku, miali kaskazini magharibi, kimya. Saa 9:15 upepo umekata, vyura wamenyamaza. Saa 9:32, sekunde 24. Saa 9:41, sekunde 9. Saa 9:43 upepo wa baridi ghafla, harufu ya vumbi. Saa 9:46 mvua. Asubuhi kopo mm 31." Hizo sekunde ni kutoka mwako mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja, kwa hiyo hapo radi ilitoka kilomita 8 ikaja 3 ndani ya dakika tisa. Na kopo ni la maziwa ya unga, lililonyooka pembeni, naliweka uwanjani mbali na michirizi ya bati, asubuhi natumbukiza rula. Ukifanya hivyo vuli moja na masika moja utaanza kuamka mwenyewe kabla ya ngurumo.

SWALI: Kaka mambo. Sisi ni vijana watatu wa Kirumba, tuna peji ya video, tunapanda juu ya miamba radi zikianza kwasababu unaona ziwa lote na mji wote. Wazee wanatupigia kelele. Tukivaa raba kuna shida gani? (Kijana, Kirumba)

JIBU: Poa. Wazee wako sahihi na mimi nawaongezea sauti yao. Raba haisaidii kitu, umeme uliopita kilomita kadhaa za hewa hauwezi kuzuiwa na sentimita mbili za soli.

Mwaka 2014 nilikuwa juu ya mwamba kama wenu, stendi ya kamera ya chuma mkononi, mvua bado iko ng'ambo ya ghuba na juu yangu nyota zinaonekana. Nikajiona niko salama. Mara stendi ikaanza kulia, sauti ndogo ya zzzz kama maharage yanayokaangwa, alafu nywele za mikono zikasimama zote kwa pamoja. Niliiacha kamera pale pale nikashuka kwa makalio, suruali ikachanika. Radi ikapiga muembe uliokuwa chini yetu, gome likatoka mstari mmoja toka juu mpaka chini, kesho yake nilikwenda nikaligusa, mti ndani ulikuwa mweupe na umelowa. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha, na mtu aliyesimama juu ya mwamba ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo.

Na msikimbilie chini ya mwamba wala kwenye vile vipango vya mawe, watu wengi wa hapa wanajibanza humo. Umeme ukipiga jiwe unatambaa juu yake na kuruka kwenye nafasi, na wewe uko kwenye nafasi. Ingieni nyumba ya kweli yenye nyaya na mabomba, au gari lenye bodi ya bati madirisha yamefungwa. Bajaji siyo gari kwa hesabu hii, pikipiki ndio kabisa. Ukihesabu ikafika sekunde 30 au chini, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuna Mmarekani aliitwa Tim Samaras. Mwaka 2003, kwenye tornado, yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kutoka winguni mpaka ardhini, iliyopiga Manchester, South Dakota, alitega chombo chake barabarani kikapima kanieneo ya hewa ikishuka milibari 100, kipimo ambacho hakuna aliyekuwa amekipata kabla. Mtu makini sana, anasifiwa na wote kwa uangalifu. Tarehe 31 Mei 2013 karibu na El Reno, Oklahoma, tornado ilimuua pamoja na mwanae Paul na mwenzao Carl Young. Kama yeye ilimshinda kwa hesabu, nyie na simu tatu juu ya jiwe mnasubiri nini? Rekodini mkiwa ndani ya ghorofa, nyuma ya dirisha lililofungwa. Ziwa linaonekana vizuri tu.

SWALI: Habari. Mama mkwe anafunika vioo vyote na kunivua nguo nyekundu kila ngurumo ikilia. Kuna ukweli? Na simu je, inavuta radi? (Mama Mdogo, Buzuruga)

JIBU: Nzuri dada. Radi haioni rangi wala kioo. Lakini mama mkwe akishafunika kioo anakaa ndani katulia, hilo ni jambo jema, mheshimu. Simu haivuti radi, ila ikiwa kwenye chaji usiishike, waya ndio tatizo. TV na friji chomoa mapema, mawingu yakiwa bado mbali.

SWALI: Anko shikamoo. Nataka kurekodi sauti ya ngurumo, siyo picha. Nyumba yetu ni bati, mvua ikianza nasikia bati tu. Na ngurumo ikiwa karibu sauti inachanika. (Fundi redio, Igoma)

JIBU: Marahaba fundi, swali lako nimelipenda sana kwasababu watu hawasikilizi radi. Ngurumo bora unaipata kabla ya mvua, zile dakika kumi upepo umekata, hapo uwe umeshawasha. Chukua kreti ya soda, ilaze ubavu, weka kinasa sauti ndani kwenye taulo lililokunjwa, juu ya kreti tandika kipande cha godoro la sponji ili matone yasigonge, iweke mbali na bati kadri unavyoweza, washa, alafu wewe ingia ndani. Kinasa kikae nje peke yake. Kiwango cha sauti kishushe mpaka uone kama umekosea, ngurumo ya mbali utaipandisha baadaye lakini iliyochanika haishoneki.

Sikiliza na tofauti. Ya karibu inapasuka kama mtu anachana kanga mpya, alafu ndio inaguna. Ule mguno mrefu unatokana na njia ya radi yenyewe kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, sauti ya ncha ya karibu inakufikia kwanza na ya mbali inafuata. Jaribu pia redio ya zamani ya AM usiku, iweke pasipo na stesheni, kila mwako utausikia unakwaruza krrr kabla hata hujaona wingu. Wewe fundi utakuwa nayo kwenye kabati.

SWALI: Salaam. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, anatoka usiku wa giza. Nyie mnaopenda kuangalia radi, mna chochote cha kutusaidia sisi? (Mama, Igombe)

JIBU: Salaam mama yangu. Swali lako nimelisoma mara nyingi. Usiku wa giza naona taa za dagaa zimejipanga kule kama mji mwingine, na wingu likiwaka nyuma yake roho yangu inakuwa huko.

Kwanza, alasiri itazame. Watafiti waliopitia picha za setilaiti wameona kwamba alasiri yenye radi nyingi nchi kavu kuzunguka ziwa mara nyingi inafuatiwa na usiku mbaya majini. Kwa hiyo mkiona saa kumi jioni bara kunanguruma kila upande, mwambie asiende mbali, au asiende. Pili, TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa utabiri wa ziwa na wana rada hapa hapa Mwanza, na ule mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulilenga hasa tahadhari za mapema kwa wavuvi wa ziwa letu. Muulize kiongozi wa mwalo wenu utabiri unamfikia saa ngapi, na kama haumfikii mdai. Tatu, akiwa majini upepo ukikata ghafla alafu ukaja wa baridi kutoka upande wa wingu, hapo anageuza mtumbwi, hasubiri kuvuta wavu, wavu unanunulika. Kwenye mtumbwi wa mbao hakuna pa kujificha na radi, na laifu jaketi ivaliwe mwilini, wengi wanaikalia.

Na mimi nina ombi kwake. Kutoka hapa Kirumba naona mgongo wa wingu tu, yeye anaona tumbo lake. Akirudi salama asubuhi akakwambia wingu lilikuwa upande gani, saa ngapi upepo uligeuka, nitumie meseji fupi tu, ntaiandika kwenye daftari pembeni ya ya kwangu.