Goti la mtoto limevimba miezi miwili, nianzie wapi?

SWALI: Binti yangu ana miaka minne. Goti la kushoto limevimba huu mwezi wa pili. Akiamka anachechemea, ikifika saa nne anacheza kama wenzake. Zahanati wamempa dawa ya maumivu mara tatu, wanasema baridi yabisi ni ya wazee, hii ni baridi ya Julai tu. Nimpeleke wapi?
Mama Neema, Sakina, Arusha

JIBU: Pole kwa kuuguza, Mama Neema. Jina lenyewe, baridi yabisi, ndilo linalopotosha. Baridi haileti ugonjwa huu. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia utando wa ndani ya kiungo, na mtoto hata wa mwaka mmoja huupata. Uvimbe ukipita wiki 6, dawa ya maumivu peke yake haitoshi.

Rudi zahanati ukaombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mount Meru, kwa daktari bingwa wa watoto. Ikibidi, wao watakuandikia hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi. Ukiruka ngazi, bima inaweza kugoma kulipa. Barua itaje kiungo, tarehe uvimbe ulipoanza na dawa alizokwisha kutumia. Ikiandikwa "maumivu ya mguu" tu, mtaishia kwenye eksirei, ambayo mwanzoni mara nyingi haionyeshi kitu.

Kinachowakwamisha wengi ni saa. Mnaingia kwa daktari saa tano, mtoto anakimbia koridoni. Basi mrekodi kwa simu anaposhuka kitandani, hatua kumi za kwanza, asubuhi tatu. Kisha mlaze chali, miguu imenyooka, upige picha kwa juu: goti lisilougua lina vibonde pembeni mwa pia ya goti, lililojaa maji limejaa duara.

Atapimwa picha kamili ya damu, selimundu, pengine na TB, ili kuondoa magonjwa mengine. Kile kipimo cha baridi yabisi cha watu wazima kikitoka hasi, msirudi nyumbani mkishangilia. Kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu hutoka hasi. Na usinunue prednisoloni, dawa kali ya kushusha uvimbe, duka la dawa kabla ya vipimo: inaweza kuificha saratani ya damu.

Macho ndiyo husahaulika. Kwa watoto wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, jicho huweza kuvimba kwa ndani bila wekundu wala maumivu, hadi uoni upungue. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Achunguzwe kwa darubini ya macho, kwa umri wake kila miezi 3 hivi. KCMC wana idara ya macho, kwa hiyo omba miadi ya goti na ya macho iwe siku moja, nauli isikutoke mara mbili.

Akianzishiwa methotreksate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni mara moja kwa WIKI. Andika siku hiyo juu ya pakiti, kwa sababu kuimeza kila siku kunaweza kuua.

Goti likiwa la moto, ana homa na hataki hata liguswe, usingoje barua. Nenda hospitali usiku huohuo.